Faili Hili ni la Nani?

Ukiwa Horohoro ukatamka neno "kontena", mtu atageuka atazame barabarani. Ana haki. Barabara ya kutoka Tanga, kilometa 65 hivi, inaishia hapa, na ng'ambo ya mpaka ni Lunga Lunga, kisha Ukunda, Likoni, hadi Mombasa. Malori hupanga foleni na masanduku ya chuma mgongoni, na kila dereva anajua masharti ya sanduku lake: lina namba, limepigwa lakiri, na kilichomo ndani ni chake mpaka afisa alifungue.

Mimi nilipangiwa huko wiki nane za mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, na makontena yaliyonipa kazi yalikuwa ya aina nyingine: yale ya ndani ya kompyuta. Naandika kwa sababu wengi wetu tunaosomea ualimu tutakuta shuleni mashine iliyowekwa kwenye kona ya ofisi, imefunikwa kitambaa, na hakuna anayetaka kuigusa. Mashine ile ilinifundisha kuanza na swali moja kila kitu kinapogoma: faili hili ni la nani?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X, ya mfanyabiashara Malcom McLean, iliondoka Newark kwenda Houston, Marekani, ikiwa na makontena 58. Faida yake ilikuwa rahisi kuelewa. Winchi haijali ndani mna kahawa au viatu. Sanduku ni lile lile, linapanda meli, linashuka, linakaa kwenye lori. Watu wa programu wakaichukua fikra hiyo. Mwaka 2008 Linux ilipata LXC, na mwaka 2013 ikaoneshwa hadharani Docker, ambayo nembo yake ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni. Unaifunga programu pamoja na kila inachohitaji, unaipeleka kwenye mashine yoyote ya Linux, inawaka.

Ila mfano wa sanduku la chuma unadanganya kidogo. Kontena la kompyuta si kompyuta ndogo iliyo ndani ya kompyuta kubwa. Ni programu za kawaida tu zinazoendeshwa na kerneli ya mashine mwenyeji, yaani ule moyo wa Linux, ila zimewekewa mapazia zisiwaone majirani. Kwangu mfano mzuri zaidi ni nyumba ya kupanga, zile za vyumba sita zenye ukumbi katikati. Kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake, lakini luku ni moja na bomba la uani ni moja. Luku ikiisha, unaweza kubadilisha balbu chumbani kwako usiku kucha na bado ukalala gizani.

Shule yenyewe ni sekondari ya kata, jina lake naliacha. Ina kompyuta moja ya mezani inayofanya kazi ya seva, laptopu kumi na mbili, na ruta inayoziunganisha bila intaneti. Ndani ya seva mlikuwa na makontena mawili: moja la Moodle, ule mfumo wa masomo ambao hata vyuo vyetu vingi vinautumia, na jingine la hifadhidata ya MariaDB, ambamo Moodle inaweka kumbukumbu zake zote. Vililetwa na watu wa kujitolea miaka ya nyuma, na waliovijua walishaondoka.

Nilikabidhiwa kwa mwalimu wa Hisabati, mama aliyefundisha zaidi ya miaka ishirini.

"Shikamoo mwalimu," nikamwambia siku ya kwanza nikiwa nimesimama karibu na ile kona.

"Marahaba mwanangu. Darasa lako ni lile pale. Hiyo mashine iache. Ilinila maswali yangu mia tatu."

Akanieleza. Muhula mzima alikuwa anabaki shuleni jioni akiandika maswali ya mazoezi ndani ya Moodle, ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Kisha akaja fundi kuboresha mfumo. Kesho yake Moodle ikafunguka nyeupe, mpya, haina swali hata moja. Fundi akaangalia, akasema vimefutika. Tangu siku hiyo yeye na kompyuta walisalimiana kwa mbali.

Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, akanipa kwa sharti kwamba mashine isitoke ofisini. Nikaanza na malalamiko madogo kabla ya kugusa hilo kubwa.

La kwanza lilikuwa la saa. Walimu walisema mashine haijui saa. Jaribio likipangwa saa mbili asubuhi, wanafunzi wanakaa, wanafungua, wanakuta kufuli. Linafunguka saa tano, wakati wako kwenye kipindi kingine. Na siku nyingine, umeme ukikatika mwisho wa wiki, mashine inaamka Jumatatu ikidhani tuko miaka mingi nyuma.

Ukisikia hivyo unadhani ni ugonjwa mmoja. Kumbe ni miwili, na kila mmoja una mwenyewe. Kontena halina saa yake. Linasoma saa ya kerneli, ile luku ya nyumba nzima. Ukiingia ndani ya kontena ukajaribu kuirekebisha, hata ukiwa root, unajibiwa "Operation not permitted", maana yake kazi hii hujaruhusiwa. Tatizo la kurudi miaka nyuma lilikuwa la mwenyeji, tena halikuwa la programu kabisa: betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, ile CR2032, ilikuwa imekufa. Ilinunuliwa Tanga mjini, tatizo likaisha.

Lile la saa tatu lilikuwa la kontena lenyewe. Makontena mengi huzaliwa yakiwa kwenye saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa mbili yetu asubuhi ilisomwa kwa kipimo cha huko. Dawa ni kuliambia kontena TZ=Africa/Dar_es_Salaam. Lakini kuna mtego: imeji ndogo kama Alpine, yaani kile kifurushi ambacho kontena hujengwa juu yake, huja bila hazina ya kanda za saa. Unaliambia Dar es Salaam, linakubali kimyakimya, linabaki UTC. Mpaka uongeze kifurushi cha tzdata. Na ukifungua hazina hiyo utaona jambo la kuchekesha kwa mtu aliyekaa mpakani: Africa/Dar_es_Salaam siku hizi ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye Africa/Nairobi. Hata saa yetu inapitia ng'ambo.

La pili lilikuwa la mtandao. Tulitaka kupakua kifurushi cha Kiswahili cha Moodle, ili angalau vitufe visomeke. Intaneti ya shule ilikuwa simu ya mwalimu yeyote mwenye bando siku hiyo, na Horohoro simu nayo ina mambo yake. Ukisogea hatua chache inadaka minara ya Kenya. Siku hiyo seva yenyewe ilikuwa inafika mtandaoni vizuri, lakini kontena la Moodle lilisema "Could not resolve host", yaani limepewa jina la tovuti na halijui anwani yake.

Ndani ya kontena, faili la kutafutia anwani ni /etc/resolv.conf. Nililifungua. Lilikuwa na 192.168.43.1, anwani ya simu ya jana! Maelezo ni haya: Docker hunakili taarifa hizo kutoka kwa mwenyeji kontena linapowashwa. Mwenyeji akihamia simu nyingine wakati kontena linaendelea kufanya kazi, kontena halipati habari. Linaendelea kumwita mtu aliyeshaondoka ofisini.

Mtu wa haraka atataka kulihariri faili hilo hapo hapo. Ukitumia sed -i utajibiwa "Device or resource busy". Wengi hukwama hapa, kwa sababu unaliona faili, wewe ni root, na bado linakataa. Sababu ni kwamba faili hilo si la kontena. Pamoja na /etc/hosts na /etc/hostname, limetundikwa kutoka nje, kama kioo ukutani: unaona sura ndani yake lakini sura yenyewe imesimama kwingine. Amri ya sed -i hutengeneza faili jipya na kuliweka mahali pa la zamani, na huwezi kubadilisha hivyo kitu kilichotundikwa. Hata ukipata njia nyingine ya kuandika, kontena likijengwa upya maandishi yako hayapo. Kwa siku ile ilitosha kuliwasha kontena upya. Kwa siku zote tuliweka anwani ya kudumu ya DNS nje, kwenye /etc/docker/daemon.json, simu yoyote itumike. Faili hilo nalo ni la muundo wa JSON. Koma moja ikizidi mwishoni, Docker nzima inagoma kuwaka. Kwa hiyo kabla ya kuwasha tulilipitisha kwenye python3 -m json.tool, ambayo inakuonesha mstari wenye kasoro.

La tatu, wanafunzi hawakuweza kupakia kazi zao. "Permission denied." Folda ya moodledata ilikuwa imerejeshwa kutoka kwenye flashi, na flashi nyingi hazihifadhi habari za mmiliki, ukinakili, kila faili linakuwa la aliyenakili. Moodle ndani ya kontena hufanya kazi kama mtumiaji aitwaye www-data, na faili zilikuwa za mtu mwingine.

Hapa Horohoro wenyewe walinisaidia kuelewa. Sokoni ukiambiwa kitu ni shilingi mia, huulizi "mia ngapi", unauliza "ya wapi?" Shilingi mia ya Kenya na shilingi mia ya Tanzania zina jina moja, lakini ukizichanganya umeumia. Linux nayo haijali jina, inajali namba. Kwenye Debian www-data ni namba 33. Kwenye Alpine jina hilo hilo kwa kawaida hubeba 82. Ukiandika ls -l unaona majina na unaweza kudanganyika; ukiandika ls -ln unaona namba, na kesi inaisha. Yetu ilikuwa Debian, na faili zilikuwa na namba 1000. Tukazipa 33. Kuna dawa nyingine inayopendwa sana na watu, chmod 777, yaani mruhusu kila mtu kila kitu. Inafanya kazi, kama vile kuondoa geti la mpaka kunavyomaliza foleni.

Baada ya hayo matatu, yule mwalimu wa Hisabati akawa anapita karibu na kona ile polepole kuliko zamani. Siku moja akasimama.

"Sasa hayo maswali yangu?"

Sikumwahidi kitu. Nilimuuliza tu fundi aliangalia wapi. Akasema alifungua Moodle, akafungua na hifadhidata, hamna kitu. Na hapo ndipo lile swali langu lilipopata kazi yake hasa. Fundi aliangalia ndani ya kontena jipya, na kweli ndani ya kontena jipya hamkuwa na kitu. Lakini maswali yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya kontena?

Imeji ya MariaDB imeandikwa kwamba data zake, zilizo kwenye /var/lib/mysql, zisikae kwenye mwili wa kontena bali kwenye voliumu, yaani hifadhi iliyo nje. Usipoipa voliumu jina, Docker inaipa lake: mlolongo wa herufi na tarakimu 64 ambao hakuna binadamu anayeweza kuukumbuka. Sasa fundi alipoliondoa kontena la zamani na kujenga jipya, jipya likapewa voliumu mpya, tupu. Ya zamani haikufutwa. Ilibaki kama mzigo uliosahaulika kwenye ghala la forodha: haujaharibika, ila hakuna karatasi inayosema ni wa nani.

Niliandika docker volume ls. Ikaja mistari saba. Moja lilikuwa jina la kawaida, sita ni milolongo mirefu. Nikapima ukubwa wa kila moja. Nyingi zilikuwa ndogo, mbili zilikuwa kubwa. Kabla ya kugusa chochote tulinakili zote kwenye diski ya nje, na amri ya docker volume prune, ile ya kufagia voliumu zisizotumika, hatukuisogelea kabisa. Kisha nikawasha kontena la majaribio la MariaDB, toleo lile lile, juu ya nakala na si juu ya asili. Neno la siri lilikuwa la zamani, kwa sababu MariaDB ikikuta data tayari ipo, haisikilizi neno jipya unaloiambia.

Voliumu ya kwanza haikuwa yenyewe. Kwenye ya pili niliandika:

SELECT COUNT(*) FROM mdl_question;

Ikajibu 312.

Mwalimu alikuwa amekaa pembeni na daftari la mahudhurio. Hakusema kitu. Nikafungua maswali machache, akavuta kiti. Lilikuwepo la wavuvi watatu wa Moa wanaogawana samaki kwa uwiano wa 3:5:7. Lilikuwepo la mama anayebadilisha fedha za Kenya akanunue mchele Tanga. Hakuna kitabu cha Dar es Salaam kitakachotunga maswali hayo.

"Hili nililitunga kwenye kosta," akasema, "natoka Tanga, nimesimama toka Mabokweni."

Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea wakati ule wa furaha. "Na wewe ukiondoka?"

Nimelifikiria sana swali hilo, kwa sababu ndilo lile lile langu, ila limeelekezwa kwangu. Tunafanya TP wiki nane. Tunarekebisha vitu, tunapiga picha, tunaandika ripoti, tunarudi chuoni kusubiri boom. Kila tulichokirekebisha ndani ya kontena kinaondoka na kontena, na kila kilichobaki ndani ya kichwa cha mwanafunzi wa TP kinaondoka na kosta ya Ijumaa. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Alijua alichokijua, akaondoka nacho.

Kwa hiyo wiki mbili za mwisho sikuongeza kitu kipya kwenye mashine. Tulihamisha kila tulichokirekebisha kukitoa ndani ya makontena na kukiweka kwenye faili moja la nje, compose.yaml: kanda ya saa, namba za milango, na voliumu, safari hii zikiwa na majina ambayo mtu anaweza kuyasoma, maswali_data na moodle_data. Halafu tukaandika daftari. La karatasi, kaunta buku ya kwaya mbili, kwa Kiswahili. Upande wa kushoto ni maneno ya mashine kama yalivyo, kwa Kiingereza chake. Upande wa kulia ni maana yake na cha kufanya. Mfano: "Device or resource busy: faili hili si la kontena, limetundikwa. Toka nje." Kwa wino mwekundu tukaandika kwamba docker compose down peke yake haifuti voliumu, lakini ikiongezwa -v inafuta.

Kazi hiyo si mpya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Walitafuta maneno ya vitu ambavyo havikuwa na maneno. Sisi tulikuwa na daftari tu, lakini nilielewa kwa nini walihangaika: mwalimu wa Hisabati anayejua kugawa kwa uwiano hashindwi kuelewa namba 33 na 1000. Kinachomzuia ni mlango, na mlango wenyewe ni lugha.

Siku ya mwisho tulifanya mtihani. Mwalimu alikaa kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma, mikono mfukoni, kwa makubaliano kwamba sitasema neno. Akafungua daftari, akaandika docker compose down. Makontena yote mawili yakaondoka. Kwenye kivinjari Moodle haikufunguka. Akanitazama, nikatazama dirisha. Akageuza ukurasa, akaandika docker compose up -d, akasubiri, akafungua Moodle, akaenda moja kwa moja kwenye benki ya maswali. 312. Akarudia tena mara ya pili bila kuambiwa na mtu, nadhani kwa raha tu, maana sasa alikuwa amejua kwamba kuvunjika kwa kontena si msiba.

Ndugu zangu mnaokwenda TP mwaka huu, wengi mtaelekezwa kwenye kona kama ile. Kwenye ripoti zetu kuna sehemu ya "mafanikio" na sehemu ya "changamoto". Ningependa idara ituongezee nusu ukurasa tu: umeacha nini, kiko wapi, na nani ana ufunguo. Hata kama haijaongezwa, iandike.

Mwezi uliopita mwalimu alinitumia ujumbe. Umeme ulikatika siku mbili, mashine ikawaka, Moodle ikagoma, akafuata daftari ukurasa wa tisa, ikakubali. Maswali sasa yamefika 340. Hakuwa na swali lolote la kuniuliza.